Ukuta unalia maji: namna ya kupima kotesheni za mafundi kabla hujatoa hata shilingi (Mbeya, Tukuyu, Njombe na majirani)

Habari zenu wakuu. Hii nimeiandika baada ya kuulizwa mara ya tano au ya sita na ndugu na majirani kwamba "wewe ule ukuta wako ulifanyaje mpaka ukakauka", na kila nikijaribu kueleza kwa simu naishia katikati vocha inakata. Kwa hiyo naiweka yote hapa, ni ndefu, chukua chai.

Kwa kifupi ishu ni hii. Nyumba yetu iko Uyole, imekaa kwenye mteremko, tofali za kuchoma, mzee alijenga miaka ya tisini. Kila masika chumba cha nyuma ukuta unaloa kuanzia chini, rangi inababuka, unatoka unga mweupe kama chumvi, kabati ukilisogeza nyuma yake kuna ukungu mweusi. Mwaka wa kwanza nikaita fundi, akaangalia dakika tano, akasema laki tatu na themanini, nikatoa. Akakwangua, akapiga plasta yenye wotaprufu, juu yake rangi ya mafuta, ikang'aa kweli kweli. Ilikuwa Oktoba. Ilipofika Aprili maji yalikuwa yamepanda JUU ya ile plasta mpya, karibu na dirisha, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu kabisa. Yaani nililipa hela ili unyevu upande ngazi.

Mara ya pili nikaita mafundi watatu. Wa kwanza laki nne na nusu, wa pili milioni moja na laki tatu na nusu, wa tatu milioni mbili na laki tisa. Nyumba ile ile, ukuta ule ule. Nikakaa na vile vikaratasi wiki nzima sijui niamini nani, na hapo ndipo nikagundua kwamba nilikuwa naangalia namba ya mwisho tu wakati swali lilikuwa jingine kabisa: kila mmoja kati ya hawa anasema maji yanatoka wapi? Wa kwanza hakusema. Wa tatu hakusema. Wa pili tu ndiye alitoka nje, akazunguka nyumba, akachuchumaa akachimba kidogo na kijiti pembeni ya msingi. Fundi ambaye hajatoka nje kuangalia, bei yake ni bei ya rangi hata akiiandika kwa kompyuta.

Hatua ya 1: Jua mwenyewe maji yanatokea wapi kabla hujamwita mtu

Hii ndiyo hatua watu wanaruka na ndiyo yenye hela zote. Usipojua ugonjwa, kila muuza dawa ni daktari.

Chukua penseli. Masika yakiwa yamekolea, Januari au Februari hivi, chora mstari mwembamba pale unyevu ulipoishia ukutani, andika tarehe pembeni. Rudia kila mwezi mpaka Juni. Usicheke, ule mstari utakusaidia mpaka siku ya kumlipa fundi hela ya mwisho, nitaurudia huko chini.

Sasa soma alama. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia kama usawa wa kiuno, mita moja hivi, na una mstari wa chumvi juu yake, huo mara nyingi unapanda kutoka ardhini. Tofali letu la kuchoma linanyonya maji kama sponji, na kama fundi wa zamani hakuweka nailoni juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali (mafundi wanaiita DPC, di-pi-si) basi hakuna kinachoyazuia. Unyevu unaoanzia juu na kushuka ni bati, ni msumari, ni gata, usimwachie mtu akuchimbie msingi kwa sababu ya msumari mmoja. Unyevu wa duara katikati ya ukuta, hasa ukuta unaopakana na bafu, shuku bomba. Funga koki zote za ndani, nenda kwenye mita ya maji, andika namba, kaa saa nzima bila mtu kutumia maji, rudi uangalie. Namba imesogea? Una bomba linalovuja na fundi wako ni fundi bomba. Na kama ukuta umelowa hata Septemba na Oktoba ambako huku kwetu vumbi tu, hiyo siyo mvua, rudi kwenye bomba au shimo la maji machafu.

Halafu kuna wa aina nyingine ambao unatudanganya sana sisi wa nyanda za juu. Juni na Julai baridi inakaba, tunafunga madirisha yote, watu wanne wanalala chumba kimoja, maji ya kuoga yanachemshiwa ndani, wengine na jiko la mkaa humo humo (jamani hilo la mkaa achaneni nalo, moshi wake usioonekana unaua watu usingizini). Ule mvuke wote unaenda kukaa kwenye ukuta wa baridi na kuwa maji. Ukiona ukungu kwenye kona za juu, nyuma ya kabati, kwenye pazia, na ni kiangazi, hapo hakuna cha msingi wala DPC. Sogeza kabati sentimita kumi kutoka ukutani, fungua madirisha ya pande mbili asubuhi nusu saa, umemaliza, gharama sifuri.

Kama hujui unyevu wako unatoka ukutani au ni mvuke wa ndani, fanya hivi: kata kipande cha nailoni safi inayoonekana, mraba wa kama nusu mita, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne kusiingie hewa, kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa mbele, upande wa chumba, ni mvuke wa ndani. Mimi nilifanya kwenye kuta tatu na moja ilinishangaza, chumba cha watoto kilikuwa mvuke tu na fundi wa laki nne na nusu alikuwa ameshakiweka kwenye bei yake.

Mwisho wa hatua hii toka nje mvua ikiwa inanyesha. Ndiyo, mvua ikiwa INANYESHA, vaa mabuti chukua mwavuli. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi. Hesabu ndogo tu: paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 ambayo kwa Tukuyu ni mvua ya kunawia mikono, hiyo ni lita 1,000 za maji. Simtanki la lita elfu zima unalimwaga miguuni pa msingi wako kila mvua moja, halafu unaulizana na fundi kuhusu rangi gani ya ndani nzuri.

Angalia na udongo wa nje umefika wapi. Kitaalamu ile DPC inatakiwa iwe juu ya ardhi si chini ya milimita 150, kama kiganja na vidole hivi. Lakini nyumba ikikaa miaka ishirini, mara mmemwaga kifusi, mara mama kapanda maua, mara mvua imeshusha udongo wa mteremko, ardhi inapanda mpaka inaivuka nailoni, na hapo nailoni haina kazi tena. Kwangu udongo wa nyuma ulikuwa umepita sakafu ya ndani kwa sentimita 20. Ishirini! Na sisi tulikuwa tunakwangua ukuta kwa ndani.

Hatua ya 2: Andika kazi wewe, usimwachie fundi aandike

Ukimwambia kila fundi "njoo uangalie ukuta unipe bei" utapata bei za vitu vitatu tofauti halafu utalinganisha embe na kiazi. Mimi niliandika karatasi moja, nikaipiga picha, nikawatumia wote watatu upya kwa WhatsApp. Ilikuwa hivi karibu:

Kushusha udongo upande wa nyuma mita 12, mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 20. Kujenga mtaro wa mawe kukatiza mteremko, maji yatoke mpaka kwenye mfereji wa barabara. Gata upande wa nyuma pamoja na bomba la kushusha. Zege la kuzunguka nyumba upana sentimita 80. Ndani kubomoa plasta ya zamani kutoka sakafuni mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa penseli, kuacha ukuta ukauke, kupiga plasta mpya. Kuzoa kifusi.

Kila mstari nikaomba bei yake peke yake, vifaa upande mmoja ufundi upande mwingine. Fundi akikujibu "mama wewe usijali, yote kwa ujumla ni milioni mbili na nusu", hajakataa kukusaidia, amekataa kuhesabika. Mmoja alinijibu hivyo hivyo nikamshukuru nikamuacha.

Na ukimpa fundi mzuri karatasi yako atakubishia. Yule wa pili alinipigia akaniambia "dada, hili zege la kuzunguka usilifanye kwanza mpaka tuone mtaro unavyofanya kazi, unaweza usilihitaji upande wa mbele". Yaani alipunguza kazi yake mwenyewe. Hapo nikaanza kumsikiliza kwa masikio mawili.

Hatua ya 3: Pima vifaa, hapa ndipo tunapopigwa

Huhitaji kuwa injinia, unahitaji futikamba na kikokotoo cha simu.

Plasta kwanza. Ukuta mita 12, kimo mita 1.2, ni mita za mraba 14.4. Unene wa plasta sentimita 2, ambayo ni mita 0.02, zidisha unapata mita za ujazo 0.288. Mchanganyiko ukiwa mkavu unachukua nafasi kubwa zaidi kwa hiyo zidisha kwa 1.3, inakuja kama 0.37. Kwa mchanganyiko wa moja kwa nne, sementi ni sehemu moja kati ya tano, kama 0.075. Mita moja ya ujazo ya sementi ina uzito wa kama kilo 1,440, kwa hiyo ni kilo 108, mifuko miwili na kidogo. Weka ya kumwagika na tofali zilizopinda, sema mitatu, haya minne. Mmoja wa mafundi wangu aliandika mifuko KUMI NA MBILI na mchanga tripu mbili za kenta. Mchanga unaohitajika hapo haufiki hata nusu ya mita ya ujazo. Nilipomuuliza akasema "bosi ukuta wa zamani unakula sementi". Unakula, ndiyo, ila siyo na wageni.

Zege la kuzunguka: nyumba ya mita 10 kwa 9 mzunguko wake ni mita 38, upana 0.8, unene 0.075, ukiongeza kona nne unapata kama mita za ujazo 2.5. Mchanganyiko wa moja, tatu, sita utakula kama mifuko 11, wa moja, mbili, nne utakula kama 16. Akiandika mifuko 14 au 17 hana shida, akiandika 30 muulize nyingine inaenda kujenga wapi. Na akiandika 6 pia muulize, maana zege la namna hiyo mwaka ujao utalizoa na fagio. Bei ya chini kupita kiasi ni wizi uleule, tofauti ni kwamba unacheleweshewa.

Fanya hesabu hiyo kwa kila mstari, halafu panda daladala nenda Mwanjelwa, pita maduka matatu ya hadiwea uulize bei kama mnunuzi wa kawaida tu, usiseme una fundi. Ukirudi utajua kila kotesheni imepandishwa wapi. Kupandisha kidogo siyo dhambi, fundi naye anapanda bodaboda na anapiga simu. Ila akipandisha kila kitu kwa nusu nzima, na bado ana mstari wa "usimamizi" na mwingine wa "dharura", huyo kaja kuvuna.

Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT muulize mapema kama ile namba imo VAT au haimo, maana asilimia 18 ikija kuongezwa mwishoni inaweza kugeuza wa bei rahisi kuwa wa bei ghali. Na akijiita kontrakta muombe usajili wa CRB, ile bodi ya makandarasi. Fundi maiko wa mtaani hana na wala simdai, kwa kazi ya ukubwa huu nahitaji mikono yake, lakini mtu anayeandika "kampuni ya ukandarasi" kwa herufi kubwa juu ya karatasi alafu akiulizwa usajili anababaika, hilo limeshanitosha.

Hatua ya 4: Maneno ya kwenye kotesheni ambayo yanatakiwa yakushtue

"Kupiga wotaprufu ndani." Kama maji yanatoka ardhini, kuziba upande wa ndani ni kuziba mdomo wa mtu anayetaka kutapika. Hayaondoki, yanatafuta njia ya juu. Ndiyo yaliyonikuta mimi. Wotaprufu ina mahali pake, tangi la maji, bafu, ukuta uliozikwa kwenye udongo upande wa nje, ila kama ndiyo kazi nzima kwenye karatasi, ruka.

"Rangi ya mafuta kuzuia unyevu." Inazuia ukuta kukauka. Itavimba malengelenge.

"Kupiga tailizi chini, futi mbili." Hii imeshika kasi sana mitaani kwetu, nje na ndani, inapendeza kweli. Nenda kaangalie nyumba iliyopigwa miaka mitatu iliyopita, tazama mstari wa juu ya tailizi. Unyevu umekaa pale pale juu kama mkanda wa suruali.

"Skimu ya jipsamu." Jipsamu na maji hawaelewani, italainika kama ugali wa jana. Kwenye eneo lililokuwa na unyevu dai plasta ya sementi na mchanga, au yenye chokaa ndani, na skimu isubiri mpaka ukuta uwe mkavu kweli.

"Kuchoma sindano ya dawa." Hii ipo na ni kazi ya kweli. Wanatoboa matundu kwenye mstari wa chini wa mota (ule mchanganyiko wa kuungia tofali), mara nyingi milimita 12, kila baada ya sentimita 12 hivi, wanajaza dawa inayokataa maji, inatengeneza DPC mpya ndani ya ukuta. Mafundi wanaoijua huku ni wachache na dawa yenyewe siyo rahisi, kwa hiyo kama ipo kwenye kotesheni muulize matundu yatakuwa mangapi, yataingia kina gani, dawa lita ngapi kwa mita. Asipojibu kwa namba hajawahi kufanya. Kwa ukuta wa mita 12 matundu ni kama mia moja, akikwambia thelathini anatania. Halafu nyumba nyingi za zamani za Mbeya na Rungwe tofali zimeungwa kwa udongo wa kawaida, siyo sementi, na hapo mimi nisingelipia sindano kabisa, dawa inapotelea kwenye mianya. Toboa mahali kidogo kwa msumari uangalie: ukitoka udongo mwekundu laini, umepata jibu.

Na "kukwangua na kupaka upya" bila neno kubomoa plasta. Ile chumvi iliyoko ndani ya plasta ya zamani inavuta maji hata ya hewani, kwa hiyo ukitibu nje yote na kuiacha plasta ile ile, siku za ukungu ukuta utaendelea kuloa na utamlaumu fundi bure. Plasta iliyotoka chumvi inatoka na kwenda jalalani, isije ikarudishwa kama kifusi cha kusawazishia chini ya sakafu. Hilo la mwisho nimeliona kwa macho.

Niongeze moja kwa wenye nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao, zile zilizoinuliwa na chini yake kuna uwazi. Najua mmeona video za Wamarekani wanatandika nailoni nene chini ya sakafu na kuziba matundu yote. Wenzetu wakifunga hivyo wanaweka na mashine ya kukausha hewa au wanaingizia hewa ya ndani ya nyumba, siyo kuziba tu wakaondoka. Fundi akikupa kotesheni ya kuziba yale matundu ya hewa ya kwenye msingi "ili baridi isipite" na hana kitu kingine zaidi ya hapo, mkatalie. Yale matundu ndiyo yanayokausha mbao. Kutandika nailoni juu ya udongo huko chini ni wazo zuri na la bei ndogo, chukua ya geji 1,000, vipande vipandane angalau sentimita 30, lakini matundu yabaki wazi, weka wavu wa panya basi.

Hatua ya 5: Nenda ukaone kazi yake ya zamani, bila yeye

Omba nyumba mbili alizofanya ambazo zimepita masika mawili. Mawili, siyo kazi ya mwezi jana, kazi ya mwezi jana zote ni nzuri. Nenda mwenyewe, piga hodi, salimia vizuri, huku kwetu ukisalimia kwa adabu na kueleza shida yako mtu atakufungulia mpaka chumbani. Weka kiganja ukutani chini kabisa. Omba kuona nyuma ya kabati. Uliza: alimaliza kwa bei aliyosema? Alirudi ulipomuita? Mama mmoja wa Ilomba nilipomuuliza hilo la kurudi alicheka tu, akaniambia "mwanangu, namba yake ninayo, ila yeye hana yangu". Nikamfuta fundi huyo kwenye orodha nikiwa bado barazani.

Hatua ya 6: Maongezi ya hela na karatasi

Vifaa nilinunua mwenyewe, risiti ya EFD nikadai kila duka, fundi nikamlipa ufundi tu. Inachosha lakini inaondoa ugomvi nusu. Mchanga uliposhushwa nikauchota kidogo kwenye chupa ya maji, nikatikisa, nikaiacha saa moja: tope linakaa juu ya mchanga, likiwa nene kupita kama sehemu moja kati ya kumi na mbili, mchanga huo una udongo mwingi, rudisha. Dereva atalalamika, mwache alalamike.

Advansi usizidishe theluthi ya ufundi. Sehemu ya pili baada ya mtaro na gata kukamilika NA kumwagia maji ukaona yanaenda yanakotakiwa, kila mita moja ya mtaro ishuke angalau sentimita moja. Na uliza mapema maji yanaishia wapi, maana mtaro unaomwaga kwa jirani ni kesi ya mtaa inayosubiri mvua. Sehemu ya tatu plasta ikiisha. Halafu shikilia kama asilimia kumi mpaka masika yapite. Fundi wangu alikunja uso kwenye hili, nikamwambia kaka, wewe umesema una garantii ya miaka kumi, mimi nakuomba miezi saba tu. Akacheka akakubali. Fundi anayekataa kabisa hata asilimia tano ngoja mvua, hiyo garantii ya miaka kumi ni ya mdomo.

Garantii yenyewe iandikwe: ikirudi, nani ananunua vifaa, anarudi ndani ya siku ngapi. Andikeni na vitu vidogo ambavyo ndivyo vinavyogombanisha watu: chai na chakula cha mafundi na saidia ni juu ya nani, kifusi kinazolewa na nani, sementi inalala wapi usiku, siku ya kuanza na ya kumaliza. Karatasi moja, kurasa mbili ikizidi, sahihi zenu na mashahidi wawili, sisi tulipita na kwa mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Fundi mwenyewe aliifurahia, aliniambia wateja pia wanakimbiaga na hela.

Hatua ya 7: Ratiba

Chunguza masika, jenga kiangazi. Kotesheni zichukue Aprili au Mei, ukisubiri Agosti watu wameshauza mahindi na viazi, kila mtu anajenga, mafundi adimu na bei juu. Kazi ya nje ianze Juni. Baada ya kubomoa plasta ya ndani acha ukuta uchi, ukae, fungua madirisha. Kwa kukadiria ukuta unakauka kama milimita 25 za unene kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa inchi tisa unaweza kutaka miezi tisa kukauka kabisa. Huwezi kuishi na tofali uchi miezi tisa, najua, ila wiki sita mpaka nane jitahidi, na plasta mpya usiipake rangi ya mafuta, paka rangi nyepesi ya maji au chokaa mwaka wa kwanza ili ukuta uendelee kupumua. Fundi anayekuahidi kubomoa Jumatatu na kupaka rangi Ijumaa anataka tu kuondoka na hela yako kabla ukuta haujasema.

Mimi niliishia na yule wa milioni moja na laki tatu na nusu, na kwa vile tuliacha zege la mbele ikashuka ikawa milioni moja na laki moja na elfu themanini. Kazi ilianza wiki ya pili ya Juni. Novemba mvua zikaanza nikachukua penseli yangu tena. Mstari wa mwaka uliotangulia, mwezi wa pili, ulikuwa sentimita 94 kutoka sakafuni (plasta ilibomolewa lakini nilikuwa nimeandika vipimo kwenye daftari, andikeni vipimo). Mwezi wa pili mwaka huu hakukuwa na mstari wa kuchora, kona moja tu ya karibu na mlango ilikuwa na unyevu wa sentimita 15, nikampigia, akaja Jumapili baada ya ibada, akakuta bomba la gata limechomoka kwenye kiungio linamwaga pale pale. Akalifunga. Mwishoni mwa Mei kona ilikuwa kavu, nikamtumia asilimia kumi yake kwa simu.

Hilo kabati la nyuma bado nimeliacha sentimita kumi kutoka ukutani.